Mbwa wa shamba ni wa nani? Somo kuhusu ukaribu wa mbwa na mwenye mbwa

Leo tunaweka pembeni kidogo chakula cha kuku na bei za mbuzi, tuzungumzie mnyama ambaye yupo karibu kila shamba lakini hayumo kwenye mchanganuo wa biashara wa mtu yeyote. Nikiletewa andiko la mradi nakuta mstari wa mlinzi, wa taa, wa seng'enge, mpaka wa kufuli. Mbwa haandikwi. Anakuja baadaye, siku kuku wameanza kuibwa.

Hapo ndipo simu inapigwa. "Bwana mifugo, nitafutie mbwa mkali." Swali langu huwa moja: nani ataishi naye? Wengi wanadhani nimewakwepa. Wao walitaka tuongelee ukubwa, aina ya mbwa na bei. Lakini swali lile ndilo linaloamua kama utapata mlinzi au utapata mdomo mwingine wa kulisha, kwa hiyo leo nalieleza lote, na wale ambao wameshanunua wasome pia maana kuna sehemu yao.

Chukua mfano huu ambao nimeukuta, kwa sura tofauti tofauti, kwa zaidi ya mfugaji mmoja. Kijana anaishi mjini, ana kuku wa mayai kama 800 shambani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ni kile kilimo tunachokiita kilimo cha simu. Ananunua mbwa wa miezi 10, mchanganyiko wa German Shepherd, kwa hela ya maana. Anamleta Jumamosi, anamfunga mnyororo pembeni ya banda, anapiga naye picha, anarudi mjini. Kuanzia siku hiyo anayempikia mbwa ugali wa dona na dagaa ni kijana wa kazi. Anayemfungua usiku ni yule yule. Anayemtoa kupe, anayemfokea akichimba bustani, anayeota naye moto jioni, ni yule yule. Miezi inapita, mbwa anapiga kazi vizuri kabisa, hata paka wa jirani hakanyagi.

Halafu mshahara unachelewa, maneno yanakuwa mengi, kijana wa kazi anafungasha begi na kuondoka alfajiri na bodaboda. Mbwa analia, anavuta mnyororo, siku ya kwanza hali, ya pili hali. Akifunguliwa anashika njia ile ile iliyopita bodaboda. Mwenye shamba anakuja mbio kutoka mjini, anamsogelea, mbwa anamngurumia. Simu inapigwa tena: "Bwana mifugo, huyu mbwa hana shukrani, hela yangu yote ile!"

Ana shukrani sana, ndugu yangu. Ila mbwa haoni risiti. Yeye anamjua aliyekaa naye, na huyo alishaondoka.

Ukaribu huu unatengenezwaje

Watu wengi husema mbwa anamfuata mtu kwa sababu ya chakula tu. Chakula kimo, siwezi kukataa, lakini si hicho peke yake. Watafiti wa Budapest, Hungaria, mwaka 1998 walichukua jaribio linalotumika kupima watoto wadogo na mama zao, wakalifanya kwa mbwa na wenye mbwa 51. Mbwa anaingizwa kwenye chumba kigeni na mwenyewe, anaingia mtu asiyemfahamu, kisha mwenyewe anatoka, kisha anarudi. Mbwa wakafanya kama wanavyofanya watoto. Mwenyewe akiwepo mbwa anatembea na kuchunguza chumba, anacheza. Akitoka, mbwa anakaa mlangoni. Akirudi, anamkimbilia yeye. Hapo hakukuwa na bakuli la ugali. Kilichokuwepo ni mtu ambaye kwa mbwa yule ndiye usalama.

Mwaka 2015 Wajapani wakaingia ndani zaidi. Waliwapa mbwa na wenyewe nusu saa chumbani, wakapima mkojo wa pande zote mbili kabla na baada. Walikuwa wanatafuta oksitosini, ile homoni ambayo sisi wa mifugo tunaifahamu kwa kazi zake za kushusha maziwa na kusaidia uzazi, na ambayo pia humfunga mama na mtoto wake. Wale mbwa na watu waliotazamana machoni kwa muda mrefu homoni hiyo ilipanda, kwa mbwa na kwa mtu. Kwa mbwa mwitu wa kule, waliolelewa na watu kwa mkono tangu wadogo, haikutokea hivyo. Kwa hiyo ukimwona mbwa amekaa anakutazama tu usoni wakati huna hata mfupa mkononi, kuna kazi inaendelea mwilini mwake, na mwilini mwako pia. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake anaweza kulia mbwa wake akifa. Msiwacheke watu hao.

Kitu kingine ni harufu. Huko Atlanta, Marekani, kuna watafiti walifundisha mbwa kulala kimya bila kufungwa wala kupewa dawa ya usingizi ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Waliwanusisha harufu mbalimbali: ya mbwa wenyewe, ya mbwa wenzao, ya watu wageni, na ya mtu wa nyumbani. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliitikia zaidi harufu ya mtu wa nyumbani, ingawa mtu huyo hakuwepo pale. Wewe unayekaa mjini lishike hilo, tutalirudia.

Dirisha linafunguka mapema na linafungwa mapema

Mtoto wa mbwa hufungua macho na masikio kati ya wiki ya 2 na ya 3. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 hivi, au 14, ndipo anapoandika kichwani nani ni wake na nani wa kuogopwa. Kuna jaribio la zamani, lilichapishwa mwaka 1961, ambapo watoto wa mbwa waliachwa na mama zao kwenye uwanja uliozungushiwa uzio bila kugusana na watu. Waliingizwa kwa watu kwa zamu, wengine wakiwa na wiki chache, wengine baadaye. Wale ambao walikaa mpaka wiki ya 14 bila mtu walikuwa kama wanyama wa porini. Hata walipopewa muda na mtu baadaye, kuwasogelea ilibaki kazi.

Sasa angalia tunavyofanya sisi. Mbwa jike anazaa nyuma ya ghala, watoto wanakulia chini ya mbao, hakuna anayewashika kwa sababu "mbwa ni mbwa". Wakifika miezi 4 ndipo mtu anakuja kuchukua mmoja ampeleke shambani. Akiwa mwoga, anakimbia kila mtu na kumng'ata anayemshika, tunasema amezaliwa mkorofi. Hakuzaliwa hivyo. Dirisha lake lilifungwa kabla hajakutana na mtu.

Kwa hiyo kama unaanza na mtoto, mchukue akiwa na wiki 8. Kabla ya hapo bado anajifunza kwa mama na ndugu zake namna ya kung'ata bila kuumiza, somo ambalo wewe huwezi kumpa. Baada ya wiki 12 umeshachelewa kidogo, ila si sana kama alikuwa anashikwashikwa na watu. Muulize anayekuuzia swali hilo hilo: hawa watoto wanashikwa na nani kila siku? Nenda ukaone. Ukiingia na watoto wakakimbilia miguuni, umefika mahali pazuri. Wakijibanza kwenye kona wote, rudi nyumbani na hela yako.

Usiku wa kwanza atalia. Huo si ukaidi. Katolewa kwenye rundo la ndugu zake, joto limeondoka ghafla. Omba kitambaa alicholalia na mama yake, kiweke kwenye boksi lake, na boksi liwe karibu na anapolala mtu ambaye unataka awe mtu wake. Usiku 3 au 4 zinatosha kutuliza mambo. Ukimtupa nje peke yake alie mpaka achoke, ataacha kulia kweli, lakini atakuwa ameanza maisha ya shambani bila kumjua mtu hata mmoja.

Chakula mpe mara 3 au 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, baadaye mara 2. Kila unapompa, mwite jina kwanza. Simba, Jimmy, Popi, lolote, ila liwe fupi na lisibadilike. Akija, mpe. Wiki 2 za kufanya hivyo zinakupa mbwa anayekuja akiitwa, na mbwa anayekuja akiitwa ana thamani kuliko mbwa mwenye meno makubwa. Kosa moja naliona sana: mbwa kaua kuku, mwenyewe anamwita kwa sauti tamu, mbwa anakuja, anachapwa. Kwa mbwa hilo limeeleweka hivi: nikija naumizwa. Kesho ukimwita, hata kama kuna nyoka mbele yake, haji.

Jioni mfunge kamba mzunguke naye mpaka wa shamba. Dakika 15. Anusie nguzo, akojoe pembeni, ajue hapa ndipo kwetu. Mpeleke na bandani kuku wakiwa ndani, akiwa bado mdogo, akae akitulia. Akiwarukia mwondoe bila kelele. Mbwa anayelinda kuku ni yule ambaye kuku ni kitu cha kawaida kwake tangu akiwa na ukubwa wa kiatu.

Hii habari ya "mbwa mkali"

Hapa nitasema wazi. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana na usiku, anapigwa, anarushiwa chakula kwa mbali, ni mkali kweli. Lakini ukali wake unatokana na woga, na mwenye woga hachagui. Atamng'ata mteja wa mayai, mtoto wa jirani, daktari wa mifugo, na siku moja wewe. Akifunguliwa usiku mwizi akamtupia jiwe, anakimbia kwa sababu hakuna kitu chochote pale anachokiona chake. Mwizi wa mifugo analijua hilo kuliko sisi.

Mbwa mwenye mtu wake ni tofauti. Anabweka kwa sababu mtu wake yuko ndani na kuna mgeni nje. Anasogea mbele mtu wake anapotoka na tochi. Na kazi kubwa ya mbwa wa shamba, mimi nawaambia kila siku, ni kubweka. Kuuma kuna kesi, kubweka hakuna kesi. Angalia mbwa wa wafugaji wa asili huku kwetu. Wengi ni wembamba, mbwa koko watupu, lakini fisi akisogea boma zima linaamka.

Zile habari za kumpa pilipili kali, kumlisha nyigu, kumpulizia bangi ili awe mkali, achana nazo. Ni kumtesa mnyama tu, na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ambayo inamhusu mbwa kama inavyomhusu ng'ombe.

Kuhusu aina: huhitaji mbwa wa kizungu. Wachungaji wa Kinavajo huko kusini magharibi mwa Marekani wanalindiwa kondoo na mbwa chotara wa kawaida kabisa. Siri yao ni kuwaweka watoto wa mbwa zizini pamoja na kondoo tangu wadogo, walale nao, wale pale pale, na watu wasiwachezee sana. Mbwa anakua akijua wenzake ni kondoo. Wenye mbuzi na kondoo hili ni lenu, maana ni kinyume kidogo na nilivyosema juu. Mbwa wa nyumbani na wa kuku ukaribu wake uwe na mtu. Mbwa wa kukaa na mbuzi malishoni ukaribu wake mkubwa uwe na mbuzi, na mchungaji awe mtu anayemheshimu na kumlisha. Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa aina ya Kangal kutoka Uturuki tangu mwaka 1994, kwa utaratibu huo huo wa kuwakuza na mifugo, ili duma asile mbuzi na mfugaji asimpige duma risasi. Kangal anakula sana, nawaonya wenye mtaji mdogo. Mbwa wetu akilelewa hivyo naye anafanya.

Profesa wa kilimo na mbwa wake

Nilete kisa kimoja ambacho wengi mmekiona kwenye filamu lakini pengine hamkujua kwamba kinatuhusu watu wa kilimo. Hachiko, yule mbwa wa Tokyo, alikuwa wa Hidesaburo Ueno, profesa wa uhandisi wa kilimo. Hachiko alizaliwa 1923, akaletwa kwa profesa akiwa mdogo mwaka 1924. Kila jioni alikuwa anakwenda kumpokea kwenye stesheni ya treni ya Shibuya. Mei 1925 profesa akafia kazini ghafla. Mbwa akaendelea kwenda stesheni mpaka alipokufa mwenyewe Machi 1935. Karibu miaka 10.

Watu wanakitumia kisa hiki kutoa machozi. Mimi naangalia tarehe. Wale wawili hawakukaa pamoja hata miaka 2. Mwaka mmoja na miezi kadhaa tu, ila ilikuwa ile miezi ya utoto, na kulikuwa na ratiba: saa ile ile, njia ile ile, mtu yule yule. Huo ndio mtaji wa ukaribu. Hukuhitaji kuwa profesa.

Wewe unayekaa mjini

Turudi kwa kijana wa kuku 800. Je, asifuge mbwa? Afuge, lakini akubali mambo mawili matatu mapema.

Kwanza mbwa atakuwa wa kijana wa kazi. Kubali hivyo kwa moyo mmoja, usione wivu. Kwa hiyo unapoajiri, uliza: unapenda mbwa? Umewahi kufuga? Mwingine anaogopa mbwa tangu utotoni, ukimwachia mbwa atakuwa anamlisha kwa fimbo. Na suala la dini liulize kwa adabu. Waislamu wengi mate ya mbwa kwao ni najisi na mguso wake unawapa kazi ya kujitwaharisha, ingawa mafundisho yao yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Nimeona Waislamu wakifuga mbwa wa shamba vizuri sana: bakuli lake peke yake, banda lake mbali na sehemu ya kuswalia, mbwa amefundishwa tangu mdogo kutokulamba wala kurukia. Ukaribu hautaki kulambwa. Sauti, chakula kwa wakati, na kutembea pamoja vinatosha.

Pili, wafanye watu wawe wawili. Mbwa anaweza kuwa na mtu wake mkuu na mwingine wa pili anayemwamini. Huyo wa pili awe wewe au jirani unayemwamini. Ukija Jumamosi usiende moja kwa moja kuhesabu trei. Mlishe mbwa kwa mkono wako siku hiyo, zunguka naye mpaka, umkague masikio na vidole kama ana kupe. Ukiondoka mwachie fulana uliyoivaa ailalie. Kumbuka wale mbwa wa Atlanta na harufu. Haikugharimu kitu.

Tatu, kijana wa kazi akiondoka, asiondoke kwa siku moja kama ugomvi unaweza kuepukwa. Mwombe akae hata siku 4 au 5 na mrithi wake. Siku ya kwanza wote wawili wanamlisha. Siku ya pili mgeni anamlisha, mwenyeji amesimama pembeni. Siku ya tatu mgeni anashika kamba kuzunguka mpaka, mwenyeji anafuata nyuma. Siku ya nne mgeni anakwenda naye peke yake. Mbwa mzima anaweza kupata mtu mpya, na haraka kuliko unavyodhani. Wale wale watafiti wa Hungaria walikwenda kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa, wakawapa baadhi yao mtu wa kukaa nao dakika 10 tu, mara 3, kwa siku tofauti. Mbwa wale wakaanza kumfanyia mtu huyo kama mwenyewe. Dakika 30 jumla! Mbwa aliyekosa mtu anamtafuta mtu.

Na kama aliondoka kwa ugomvi bila makabidhiano? Usimpige mbwa kwa kukataa kula. Usimfungue pia siku za kwanza, atapotea. Mtu mmoja, huyo huyo kila siku, akae karibu naye kwenye kigoda bila kumlazimisha, aongee na simu yake, amwekee chakula chenye harufu, supu ya dagaa au ya utumbo uliopikwa vizuri. Utumbo na maini mabichi usimpe, ndipo minyoo ya tegu inapozunguka kati ya mbwa, mbuzi na wewe. Akipitisha siku 3 bila kula kabisa, au ana homa, ufizi mweupe, mkojo mwekundu, hiyo si huzuni tena, ni ugonjwa, na mara nyingi ni wa kupe. Muite daktari wa mifugo.

Ukaribu unapogeuka hatari

Sehemu hii ndiyo hasa iliyonifanya niandike, kwa hiyo someni taratibu.

Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa mbwa, na wengi wako Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni kifo. Sasa wengi tunadhani kichaa ni mbwa wa njiani mwenye mapovu anayekimbia hovyo. Huyo unamwona na unakimbia. Anayeua wenye upendo ni yule wa nyumbani aliyenyamaza. Taya limelegea, mdomo uko wazi, mate yanatoka, anashindwa kumeza, sauti imebadilika. Mwenyewe anaona huruma: "Maskini, amekwamwa na mfupa." Anaingiza mkono mdomoni autoe. Mfupa haupo. Mate yameshaingia kwenye mchubuko wa kidole.

Usiingize mkono kwenye mdomo wa mbwa anayetoka mate, hata umemlea tangu wiki 8. Mfungie mahali asipotoka, piga simu.

Lakini ukaribu huo huo ndio unaokupa macho. Anayekaa na mbwa kila siku ndiye anayejua kwamba leo si yeye. Mbwa mpole anamngurumia mtu wake. Mbwa mwoga ghafla anajipeleka kwa kila mtu. Anajificha gizani, anatafuna mbao na mawe, anaitwa jina haonekani kulisikia. Mfundishe kijana wako wa kazi kwamba mabadiliko ya tabia ni taarifa ya kupigiwa simu siku hiyo hiyo, kama vifo bandani.

Mtu aking'atwa, au mate yakigusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hata kama jeraha ni dogo. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya mitishamba. Nenda kituo cha afya siku hiyo uanze chanjo, na umalize dozi zote, usikatishe kwa sababu kidonda kimepona. Mbwa usimuue haraka na kumtupa kama anaweza kufungiwa kwa usalama. Ofisi ya mifugo itataka kumwangalia siku 10. Ila wewe usisubiri siku hizo ndipo uanze sindano.

Kinga ni chanjo, kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka, na kampeni ikifika kijijini wapelekeni hata wale wadogo. Ili ugonjwa ukatike eneo fulani inatakiwa mbwa kama 70 kwa kila 100 wawe wamechanjwa. Na mjue tunachokutana nacho siku ya chanjo pale chini ya mwembe. Hatuwachanji mbwa ambao hakuna anayeweza kuwashika. Analetwa mbwa mkubwa, mzuri, mwenyewe yuko mjini, aliyetumwa naye ni mtoto wa jirani, mbwa anazunguka na kamba kama kishada, watu wanatawanyika, anarudishwa nyumbani bila sindano. Anayefuata ni mbwa koko wa bibi mmoja. Bibi anamwinamia, anamshika kichwa kwa mikono miwili, anamwambia tulia baba, sindano inaingia, wanaondoka.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi kampeni hupangwa karibu na hapo. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako tarehe yenu. Wiki 2 kabla, anza kumzoesha mbwa kamba shingoni dakika 10 kila jioni, mshike kichwa, mfunge mdomo kwa kitambaa laini kidogo na kumfungua, mpe dagaa. Na siku yenyewe aje na mtu wake, hata kama ni kijana wa kazi na kuku itabidi walishwe kwa kuchelewa nusu saa.